Kengele Isiyokuwamo Kwenye Andalio

Semboja hakuwahi kushindwa na kichwa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema, na alisema bila kuulizwa, akiwa amesimama mlangoni pa karakana yake na vidole vyeupe kwa chaki, kama mpishi aliyetoka jikoni kupokea sifa za pilau. "Nileteeni jiwe," angesema, "mniachie tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mkirudi mtalikuta linahesabu kwa tatutatu. Mkichelewa kurudi, mtalikuta linanisahihisha."

Watu walicheka, nao wakamwamini, maana mji ule ulimpenda sana mtu anayejisifu kwa utaratibu. Na Semboja alikuwa na utaratibu kuliko sala. Hakuwa mwalimu tu. Walimu pale walikuwa wengi kuliko mbu na waliuma kidogo zaidi. Yeye alikuwa msanifu wa masomo. Ulimpelekea mtu asiyejua, yeye akampima kichwa kama fundi cherehani anavyopima kiuno, akauliza lengo ni nini, zana zipo, muda upo, kisha akaketi na kukata somo, akalishona, akalipiga pasi, akalitundika. Mtu akilivaa, anajua. Karatasi iliyobeba vipimo vyote hivyo aliiita andalio, na andalio halikuonwa na mwanafunzi hata siku moja. Mteja hakai chini ya meza ya fundi kutazama pindo linavyokatwa.

Mji wenyewe haukuwa na jina, au ulikuwa nalo likafutwa, na huko kufutwa nitakueleza. Jua la pale halikusogezwa na kitu kingine isipokuwa kujifunza. Mtu akilijua jambo ambalo hakulijua, akalijua kwa dhati mpaka likakaa, kivuli cha nguzo ya baraza kilisogea upana wa kidole, na vidole vilipojaa kiganja watu walisema sasa ni saa moja nyingine. Ndiyo maana wavivu wa pale waliona mchana mrefu. Na kando ya mji ulipita mto, nao haukuua mtu, ulisahaulisha. Ukilowa hadi kifundo cha mguu umesahau ulichokula. Ukilowa hadi goti umesahau njia ya nyumbani. Kiunoni, hapo umetoka mweupe, unamtazama mkeo unamwamkia kama mgeni.

Basi tangu siku ya mafuriko jua lilikwama saa nne. Chai ya saa nne imenywewa mara nyingi mpaka majani yamekwisha, watu wakawa wanakunywa maji moto na kusifia rangi yake. Kivuli cha nguzo kimelala palepale, kimenyooka kama mgonjwa. Semboja alikipita kila alipokwenda na kila aliporudi, na kila mara alikiruka, asikikanyage. Ukimuuliza kwa nini, atakutania. Ukimuacha peke yake, hatajitania.

Maana yeye ndiye aliyelisanifu somo la lango.

Zamani za utaratibu, baraza lilimwita na kumwambia: juu ya mto kuna lango la maji, na lango lina wenzo wa chuma. Maji yakipanda, wenzo unavutwa chini, lango linafunga, maji yanakwenda kwenye mabwawa na Mtaa wa Chini unalala salama. Tunataka mtu wa kuuvuta. Mtu mwenyewe ndiye huyu, Mwantumu, mama wa watoto wawili, mikono yake ina nguvu, hana maneno mengi. Mfundishe.

Semboja alikuwa na nadharia tatu rafuni, na kila moja ilikuwa na harufu yake. Ya kwanza ilinuka shaba: kengele. Unapiga kengele, mtu anatenda, unampa kitu kitamu. Unarudia mpaka mwili unatenda wenyewe na kichwa kinaweza kwenda kutembea. Ya pili ilinuka mbao mpya: makabati. Kichwa ni kabati lenye saraka, na kazi yako ni kupanga, kubandika majina, kuhakikisha kila kitu kina mahali pa kutolewa. Ya tatu ilinuka udongo: matofali. Humpi mtu kitu. Unamwachia tope na jua, ajenge mwenyewe ujuzi wake, na wewe unashika mdomo wako kwa mikono miwili usiseme. Hii ya tatu Semboja aliisifu sana kwenye mikutano. Hakuitumia, maana inachukua muda, na kushika mdomo hakukuwa kipaji chake.

Kwa Mwantumu alichukua kengele. Utamlaumu? Hebu fikiri kidogo kabla hujajibu. Maji ya mto ule yanafuta masomo. Utamfundishaje mtu maji karibu na maji? Tone moja likiruka, kazi ya juma zima imekwenda. Kwa hiyo akatandika kitambaa cha bluu sakafuni pa karakana, akafunga wenzo wa mti ukutani, akasimama nyuma na kengele ndogo mkono wa kulia, mkono wa kushoto umo mfukoni pamoja na kashata za nazi. Kengele inalia, Mwantumu anavuta, mfuko unatoa kashata. Kengele, kuvuta, kashata. Siku ya kwanza alikosea mara tisa. Siku ya nne hakukosea. Siku ya saba Semboja alipiga kengele Mwantumu akiwa anafunga kanga, na mkono wake ukaacha kanga ukavuta. Semboja akaandika kwenye andalio, mstari wa tathmini: asilimia mia.

Kwenye mstari wa dalili, yaani kile ambacho mwanafunzi atakiona au kukisikia ndipo atende, aliandika neno moja. Kengele.

Halafu akapewa cheti. Sherehe ilikuwa Mtaa wa Juu, kwenye viti vya nyuzi na soda zilizopangwa kwa rangi, na wenyeji walitaka kuiona hiyo zana maarufu. Akaenda nayo mfukoni. Alikuwa anaipiga mbele ya wageni, anawachekesha, anasema huu ndio ulimi wangu wa pili, wakati maji yalipoanza kupanda kule langoni. Mwantumu alikuwa amesimama juu ya jukwaa lake. Mkono ulikuwa juu ya wenzo. Maji yalipita chini ya nyayo zake, yakapita yakiwa ya kahawia wala si ya bluu, na yeye akayatazama yanavyokwenda Mtaa wa Chini huku shingo ameigeuza kidogo, kuelekea upande ambao kengele ilitoka siku zote.

Watu mia mbili walilowa. Hakufa hata mmoja. Walitoka majini mmojammoja, safi, wakauliza hapa ni wapi.

Nilifundisha. Hakujifunza. Nilifundisha, hakujifunza. Semboja alikuwa anaisema hivyo anapopiga mswaki, anapokaza kandambili, anaporuka kivuli. Ukiisema haraka inafanana na ukweli. Ukiisema polepole inaingia mchanga. Amejifunza nani, basi? Mkono ulijifunza. Mkono ni mtu? Na yule anayetenda sawasawa kila unapomwashiria, je, anajua kitu, au wewe ndiwe unayejua, umeazima tu mwili wake uwe mrefu zaidi? Na kama mwili ule ulikuwa wako kwa kuazima, siku ile pale langoni nani alisimama akatazama maji yakipita? Nani hasa alisimama? Hapo alisukutua, akatema, akatafuta utani wa kumaliza nao. Utani ulikuwa haupo. Alikuwa ameuzoea kama mtu alivyozoea ukuta, sasa akaegemea akakuta hewa.

Akachukua wembe. Karatasi ya andalio ilikuwa ngumu, wino ulikuwa mweusi, akakwangua lile neno taratibu mpaka likawa vumbi, akalipuliza. Juu ya jeraha la karatasi akaandika: maji kugusa alama nyekundu. Maneno manne mahali pa moja. Alama nyekundu haikuwahi kuwepo, lakini mafuriko yamechukua mengi, nani ataiulizia?

Katika wale mia mbili alikuwamo mama yake.

Bi Nakuzwa alilowa hadi kifuani. Alipoletwa karakana pamoja na wenzake wafundishwe upya, maana baraza halikuona mwingine wa kazi hiyo ila Semboja, hodari, mwenye cheti, aliketi kwenye benchi akiwa amekunja mikono mapajani, akamwamkia mwanawe: "Shikamoo, mwalimu."

Semboja aliitafuta marahaba, haikupatikana. Akasema, "Karibu, mama." Akasema kama watu wanavyosema mama kwa kila mama.

Alianza na makabati. Akachora kadi: chungu, moto, mlango, mwana. Akazipanga, akabandika majina, akamfunza mama kuzitoa na kuzirudisha. Mama alikuwa mwepesi. Kwa siku mbili, kama zilikuwa siku, maana jua halikusogea, alizijua zote. "Mwana ni nani?" Semboja anauliza. "Mwana ni mtoto wa mtu," mama anajibu, anarudisha kadi mahali pake na kufunga saraka. "Wa mtu gani?" "Wa yeyote mwenye mtoto, mwalimu. Hata mbuzi." Wenzake walicheka, naye akafurahi kuwachekesha. Utani wa Semboja ulikuwa umetoka mahali fulani, naam, na mahali penyewe palikuwa pamekaa mbele yake hapamjui.

Akajaribu matofali. Akampa sufuria yake iliyoungua upande, kigoda chake, shati dogo la bluu la Semboja mwenyewe alipokuwa na miaka sita, akashika mdomo wake kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Mama akavipindua vitu vile, akavinusa, akajenga. Alijenga vizuri. Alijenga kwamba yeye ni binti hajaolewa, kwamba sufuria ni ya shangazi aliyemlea, na shati ni la mdogo wake aliyekwenda kusoma mbali. Yakasimama maisha mazima, yana paa na madirisha, na ndani hamna mlango wa Semboja kupita. "Nimepatia, mwalimu?" Alipatia. Kwa nadharia ya matofali hakuna aliyewahi kupatia vile.

Basi siku moja, saa nne ileile, Semboja alifunga mlango wa karakana, akaifungua kanga aliyoifungia kengele, akapiga mara moja. "Sema: mwanangu." "Mwanangu," akasema mama. Akampa kashata. Akapiga. "Mwanangu." Kashata. Mara ya ishirini hakuwa na haja ya kumwambia aseme nini. Kengele ililia, na mama yake akainua uso wenye kung'aa, akamtazama barabara, akatamka "mwanangu" kwa sauti ileile ya zamani, ile ya kumwita ale, akafungua kiganja.

Semboja aliweka kashata katika kiganja kile. Asilimia mia. Alitoka nje kutazama kivuli cha nguzo. Kilikuwa hakijasogea hata unywele.

Sheria ya mji ilikuwa hivi: majina yote yameandikwa kwa chaki kwenye ubao mkubwa wa baraza, na mtu anayethibitika kwamba alifundishwa vyema akakataa kujifunza, jina lake linafutwa. Jina likifutwa halirudi mdomoni mwa mtu. Unataka kumwita, ulimi unateleza. Watoto wake watamvuta nguo, lakini hawatamwita. Baraza lilikuwa limeandika tuhuma ya Mwantumu na kuitisha kikao, na shahidi mkuu alikuwa andalio.

Kabla ya kikao Mwantumu alikuja karakana. Alisimama nje ya kizingiti, kanga ameifunga kiunoni, kandambili mkononi.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu, dada. Pita. Mbona kandambili umezibeba? Zimechoka?"

Hakucheka. "Sitaki kuchafua. Nimekuja kwa neno moja tu."

"Sema hata mawili, siku yenyewe haiishi."

"Nataka useme ulichonifundisha. Basi. Usinitetee, usinihurumie. Sema tu tulivyofanya, mimi na wewe, humu ndani."

Semboja akaanza kupanga chaki. Fupi huku, ndefu kule. "Dada Mwantumu, maji yalipita chini ya miguu yako."

"Yalipita."

"Uliyaona."

"Niliyaona. Nilikuwa tayari, mwalimu. Sijawahi kuwa tayari kama siku ile. Mkono ulikuwa unatetemeka kwa kuwa tayari." Akautazama mkono wake kama mtu anavyotazama ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani. "Nikasema moyoni, akipiga tu. Akipiga tu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Haya." Akavaa kandambili, ya kulia kwanza. "Mtoto wangu mdogo ameanza kuniita jina, watoto wa siku hizi, hasemi mama, anasema Mwantumu. Nilikuwa namkataza. Sasa namwambia aseme tu, aseme mpaka achoke."

Akaondoka. Semboja alibaki na chaki zake zilizopangika kuliko siku zote.

Kikao alikisanifu kama somo. Usishangae, kila mtu anajikinga kwa chombo chake. Utangulizi: ataonyesha huzuni, kiasi. Hatua ya kwanza: andalio lisomwe. Hatua ya pili: ataeleza kwamba kengele ni mambo ya kale, wataalamu wa leo hawafundishi watu kama kuku. Hatua ya tatu: wale wanaofundishwa upya waonekane, wameketi kwa adabu, ushahidi hai wa ufundi wake, mama yake benchi la mwisho, asiulizwe kitu. Tathmini: jina lifutwe, watu watawanyike. Alilipitia andalio lile la pili mara saba na hakuona tundu. Hakuona kwa sababu katika masomo yote aliyowahi kusanifu, mwenye kengele alikuwa yeye.

Mkaguzi wa baraza alikuwa Bi Kilua, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyezoea kufungua na kufunga vikao kwa kugonga fimbo sakafuni. Aliisoma karatasi kwa kuiweka karibu na pua.

"Fundi Semboja. Hapa pameandikwa dalili ni maji kugusa alama nyekundu."

"Ndiyo, Bi Mkaguzi."

"Karatasi hapa ni nyembamba kidogo."

"Nafikiri sana nikifika mstari wa dalili. Kalamu inakaza."

Watu wakaguna kicheko. Bi Kilua hakucheka, hakukasirika. "Na huyu mama anasema alingojea kengele."

"Bi Mkaguzi, kwa heshima zote." Semboja alisimama, akaweka mkono kifuani. "Mimi kengele ni ya kuchekeshea wageni tu, kufundishia siitumii. Hiyo ni nadharia ya kufundishia kuku. Binadamu namfunza aelewe. Waulizeni hawa," akaonyesha mabenchi ya Mtaa wa Chini, "tazameni walivyotulia. Mimi nilifundisha. Yeye hakujifunza. Inaniuma kusema hivyo."

Ilimuuma kweli. Hapo tu hakudanganya.

"Mwantumu, una la kujibu?"

"Nimeshasema, Bi Mkaguzi. Mwenye kujua ni mwalimu."

Bi Kilua akaiweka karatasi mezani. Kisha akainuka, akachukua kitambaa cha kufutia, akausogelea ubao. Jina la Mwantumu lilikuwa mstari wa sita, limeandikwa kwa mkono mzuri. Akaweka kitambaa chini ya herufi ya kwanza. "Kwa utaratibu," akasema, "kikao hufungwa kwanza, ndipo jina lifutwe." Mkono wake mwingine ukapapasa pembeni ya meza kutafuta fimbo. "Ah. Fimbo yangu ilikwenda na maji. Shule ya vidudu wameniazima hiki."

Akakiinua. Semboja alikiona kikiwa tayari hewani.

Kililia.

Sauti ilikuwa ndogo, ya shaba, ya kawaida kabisa. Mbele ya meza mkono wa Mwantumu uliruka juu, ukashika kitu kisichokuwepo, ukakivuta chini kwa nguvu zote mpaka magoti yakapinda. Wakati huohuo, bila kuulizwa, bila kuamriwa na mtu, mkono wa kushoto wa Semboja uliingia mfukoni ukatoka na kashata, ukainyoosha mbele, kwa Mwantumu. Semboja aliutazama mkono ule. Ulikuwa wake. Haukuwa umemngoja.

Na kutoka benchi la mwisho sauti ikasema, wazi, kwa mapenzi, ile sauti ya kumwita mtu ale:

"Mwanangu."

Bi Nakuzwa alikuwa amesimama, uso unang'aa, kiganja kimefunguliwa.

Bi Kilua alishusha kengele mezani polepole, akaishika ulimi isilie tena. Alitazama mkono uliovuta, mkono uliotoa, mkono uliongoja. Kitambaa bado kilikuwa chini ya herufi ya kwanza, akakiondoa.

"Mama," akauliza, "neno hilo nani amekufundisha?"

Bi Nakuzwa alimwonyesha kwa kidevu, amefurahi kuulizwa jambo analolijua. "Si ni huyu hapa, mwalimu. Kile kikilia nasema, ananipa. Ni mwalimu mzuri, hachapi."

"Na maana yake unaijua?"

Mama akafikiri, akafungua saraka moja, akaifunga. "Hiyo bado hajanifundisha."

Semboja alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakikutoka kitu cha kuchekesha wala cha kujikinga nacho. Nje, kwenye vumbi la uwanja, kivuli cha nguzo kilisogea upana wa kidole. Ndani mama yake alikuwa bado amesimama, mkono mbele, anashangaa kwa nini leo mwalimu anaitazama kashata muda wote huo badala ya kumpa.